Kurasa Nne za Lac Vert

Goma, Ndosho, tarehe 12 Novemba 2024

Shemeji Munguakonkwa,

Nakusalimu sana. Mama yako huko Walungu naye anakusalimu kwa kupitia mimi, maana alinipigia Jumapili akasema simu yako haipokelewi. Sisi tuko. Bénie ameanza mwaka wa tano, anasoma vizuri isipokuwa hesabu. Jirani wa upande wa chini ameweka mashine ya kusaga, kwa hiyo tangu asubuhi tunaongea kwa kupiga kelele, na unga mweupe unakaa juu ya nguo tulizoanika. Kaburi la kaka yako tumelipalilia Siku ya Marehemu Wote. Nilibeba yale maua ya manjano aliyoyapanda mwenyewe karibu na choo, akisema hata mahali pale panastahili kupendeza.

Sasa jambo lenyewe. Kakule alifika na lori Ijumaa, akanipa karatasi yako. Ilikuwa na mistari miwili: nimpe kaye zote, madaftari yote ya kazi ya kaka yako, na zile chupa ndogo, na ni haraka.

Kaka yako Buhendwa tumemzika miezi mitatu iliyopita. Ulikuja ukakaa siku mbili. Siku ya pili nilikukuta chumbani umefungua sanduku lake, ukaniambia unatafuta picha ya ubatizo. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na watu. Picha ya ubatizo iko ukutani sebuleni, shemeji. Ulikaa chini yake siku zote mbili.

Kaka yako alitunza panya wa kituo cha utafiti miaka kumi na moja. Hukumwuliza hata mara moja ameandika nini, hata mwaka ule walipomfukuza na kusema ameandika uongo. Wewe ndiye uliyesoma mambo hayo mpaka chuo kikuu, na ulinyamaza. Leo kaye zina haraka gani? Na nani amekutuma?

Nijibu kwa barua. Usinipigie, hapa simu ya mtu mmoja inasikilizwa na nyumba nzima. Kaye ziko salama. Haziko tena katika sanduku lile.

Nshobole, Mama Bénie


Kampala, tarehe 3 Desemba 2024

Mama Bénie,

Asante kwa barua na kwa kupalilia kaburi. Huku mvua ni za kila siku. Mtoto wetu Aubin ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata kiatu changu cha kazini. Gisèle anakusalimu, anauliza kama ile sweta ilimtosha Bénie.

Hakuna aliyenituma. Nadhani shida ni kwamba hakuna aliyewahi kukueleza vizuri, kwa hiyo nitajaribu.

Pale kituoni kulikuwa na koo mbili za panya. Wote ni weupe wenye macho mekundu, huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama, ndiyo maana kaka alikuwa akiwatoboa masikio: ukoo mmoja sikio la kushoto, mwingine la kulia. Katika ukoo wa kushoto kuna jeni moja iliyoharibika. Ni jeni inayosaidia ngozi ya mtoto kujijenga tumboni, tabaka juu ya tabaka. Baba na mama wanaweza kuibeba bila kuonekana, kwa sababu kila mmoja anayo nyingine nzima. Lakini mtoto akipokea iliyoharibika kutoka pande zote mbili, anazaliwa na ngozi nyembamba inayong'aa, maji ya mwili yanatoka, na siku hiyohiyo anakufa. Ukoo wa kulia hauna jeni hiyo mbovu.

Watafiti wa Ulaya waliokipa kituo panya hao waliona hivyo kwa miaka mingi: wanakufa wote. Kisha kuanzia Oktoba 2021 kaka akaandika kwamba baadhi wanaishi. Siku kumi na tano, kumi na tisa, mmoja ishirini na tatu. Ngozi inabambuka, masharubu yamejikunja, lakini wananyonya. Wazungu wakarudia kazi hiyo kwao, hawakuona hata mmoja aliyeishi. Wakasema mtunza panya amebuni.

Nikipata kaye nitaweza kuona jambo lilibadilika lini. Chupa zina vipande vya mikia ya watoto wale, kila kimoja na nambari yake. Kipande kidogo cha mkia kinatosha kuonyesha mnyama alitoka kwa nani.

Naomba uniamini.

Munguakonkwa


Goma, tarehe 9 Januari 2025

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Gisèle na kwa huyo mwenye meno. Sweta ilimtosha Bénie, aliivaa Noeli akiimba kwaya. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Kaka yako alizoea kukaa pembeni ili atoke kwanza akawape panya maji, hata siku ya Pasaka. Nilikuwa nikimkasirikia.

Umenieleza panya vizuri kuliko shefu wake wa kituoni alivyofanya katika mwaka mzima. Nakushukuru. Lakini nilikuuliza maswali mawili, ukajibu moja na nusu. Ulisema hakuna aliyekutuma. Haraka uliieleza nusu, na hukusema kwa nini ulinyamaza.

Ninayo fotokopi ya barua iliyomfukuza. Ina sahihi tatu chini. Ya kwanza ni ya shefu. Ya pili ni ya Mzungu mmoja wa wale waliotoa panya. Ya tatu ilikatwa na mashine, umebaki mkia wa herufi ya mwisho tu, umepinda kurudi nyuma kama ndoano. Nimeiweka mezani karibu na barua yako. Sisemi kitu.

Nakutumia kaye ya 2021 na chupa moja kati ya tatu. Kaye nyingine na chupa mbili zinabaki. Kakule alipoona kilichomo ndani ya chupa alishika kichwa: “Mama Bénie, unanibebesha mikia ya panya mpaka Kampala? Wakinisimamisha mpakani nitasema nini?” Nikamwambia aseme ukweli. Akasema, “Ukweli ndiyo utanifungisha. Nitasema ni dawa ya mapenzi, hapo askari wataniomba kidogo na kunifungulia njia.”

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti, halafu nikaona aibu.

Nshobole


Kampala, tarehe 21 Aprili 2025

Mama Bénie,

Mungu ashukuriwe. Tangu mwisho wa Januari nimekuandikia mara mbili, na mara mbili Kakule amerudi na barua mkononi, akisema njia imefungwa. Vita vilipofika Ndosho nilisikia kwa redio tu. Juzi ndipo aliponiambia amekuona kwa macho yake, umekonda lakini uko, na Bénie yuko, nyumba imetobolewa bati tu. Pole kwa yote ambayo sikuyaona.

Sijui kama ni vizuri kukuletea mambo ya panya wakati huu. Lakini kama ningekuwa na wewe sebuleni ningeanza na hili: kaka hakubuni.

Nimepima mikia yote ya chupa ile. Watoto walioishi wana jeni ile mbovu kutoka pande zote mbili, kama alivyoandika. Lakini miili yao si ya ukoo wa kushoto mtupu. Wamechanganyika na ukoo wa kulia. Ndiyo maana waliishi! Jeni haifanyi kazi peke yake, Mama Bénie. Inakaa kati ya maelfu mengine, na hayo yanaweza kuisaidia au kuiacha ianguke. Ubovu uleule, katika ukoo mmoja unaua siku ya kwanza, katika damu iliyochanganyika mtoto anafikisha wiki ya tatu. Wale wa Ulaya hawakuona kwa sababu panya wao hawakuchanganyika. Kila mmoja aliandika alichokiona.

Tarehe 30 Septemba kituo na wenzao watakaa kuitazama kesi hii tena. Nimewaomba, wamekubali mara moja hii tu.

Na hapo ndipo ninapoogopa. Wataniuliza damu ya kulia iliingiaje. Kaka aliapa kwa maandishi kwamba hakuwahi kuchanganya. Watasema alichanganya kwa siri ili apate jambo la ajabu la kuonyesha. Jina lake litatoka kwenye uongo mdogo na kuingia kwenye mkubwa.

Nimesoma kaye ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wote ni wake isipokuwa kurasa nne, tarehe 27 mpaka 30 Mei 2021, siku zile volkano ilipotufukuza mjini. Mwandiko huo ni wa mtu aliyefundishwa na masista. Juu kabisa pameandikwa “Lac Vert”, mahali pale kwenye njia ya Sake.

Kaka alikuwa wapi siku hizo? Na aliyeandika, aliambiwa anyamaze?

Munguakonkwa


Goma, tarehe 2 Juni 2025

Shemeji,

Tunakusalimu. Bati limezibwa. Mama wa Walungu alikohoa, amepona.

Unaniuliza kama mume wangu aliniambia ninyamaze. Mume wangu ambaye alirudisha kalamu ya kituo siku waliyomfukuza, akatembea kwa miguu kutoka hapa mpaka kule kwa sababu ya kalamu. Umenyonya ziwa moja na mtu huyo, na hilo ndilo swali lako?

Naona unavyofanya. Kwanza sanduku, halafu kaye, halafu mikia, sasa ni mwandiko wangu. Ukimaliza utakuwa na kila kitu, na sisi tutabaki na maua ya choo.

Sema kwanza juu ya sahihi ya tatu. Bila hiyo usitafute neno lingine kutoka kwangu juu ya Lac Vert.

Nshobole


Kampala, tarehe 15 Julai 2025

Mama Bénie,

Sahihi ya tatu ni yangu.

Nilikuwa natafuta nafasi hapa Kampala. Shefu wa kaka alikuwa ndiye wa kuniandikia barua ya kunipendekeza. Akaniita Februari 2023 akaniwekea yote mezani: hesabu za kaka, hesabu za Wazungu. Akasema, “Wewe ni mtu wa sayansi au wewe ni ndugu?” Nilitazama zile hesabu na kweli sikuelewa zingewezaje kuwa sahihi. Lakini sikuomba siku hata moja ya kufikiri, na sikumpigia kaka kumwuliza. Niliandika jina langu. Wiki mbili baadaye nilipata nafasi.

Katika sanduku nilikuwa natafuta nakala yake ya barua ile. Nilitaka kuiondoa kabla hujaisoma. Nilipokosa ndipo nilipoona kaye, nikasoma kurasa kumi nikiwa nimesimama, na nikajua nilikosea. Mtu anayebuni haandiki “leo sina hakika, taa ilikuwa hafifu”.

Gisèle amejua wiki iliyopita. Sasa anampakata Aubin upande wa pili wa chumba.

Nitasema hayo yote mbele yao tarehe 30 Septemba, nikipoteza kazi nipoteze. Lakini kukiri kwangu hakutawaeleza damu iliingiaje. Bila jibu hilo, watamwandika kaka kuwa mdanganyifu, na safari hii kwa ushahidi wangu mwenyewe, mikia niliyoipima mimi. Sina la kuongeza. Ukitaka kunijibu au kutonijibu, ni haki yako.

Munguakonkwa


Goma, tarehe 24 Agosti 2025

Shemeji Munguakonkwa,

Nakusalimu, na Gisèle, na mtoto. Jana tumesoma Misa ya mwaka mmoja. Mama yako alikuja kwa boti kutoka Bukavu, akapika ugali mwenyewe kwa sababu wa kwangu anasema ni uji. Bénie alisoma somo la kwanza.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu. Nilikasirika siku mbili, na siku zilizobaki nilijua kwamba hasira hiyo imekuja mahali pabaya, maana ningepaswa kuiweka kwangu kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyoona.

Ile Alhamisi ya tarehe 27 walipotangaza watu watoke mjini, kaka yako alikuja mbio kutoka kituoni na panya katika mabeseni mawili. La bluu walikuwa wa kushoto, jekundu wa kulia, na wavu wa waya juu, umefungwa kwa vipande vya mpira. Akaniambia, “Mama Bénie, mimi narudi kuleta bengine na kufunga mulango. Wewe fwata njia ya Sake. Andika kila siku: nani amekula, nani amezaa, nani amekufa. Usisahau.” Akanipa kaye. Watu walikuwa wamebeba magodoro na watoto na cherehani, na mimi nikabeba panya kichwani, Bénie akabeba beseni la pili. Mwanamke mmoja njiani akanipigia kelele, “Ee mama, batu banakimbia na batoto, weye unakimbia na kitoweo?”

Tulichoka Lac Vert, tukakaa katika uwanja wa kanisa. Mchana ikanyesha. Katika beseni la bluu kulikuwa na mama mmoja, nambari 31. Alizaa palepale chini ya mvua, watoto sita. Sikuona kama ngozi zao zilikuwa nzuri au mbaya, wote walipoa na kufa kabla sijawafunika. Hilo niliandika. Kaye inasema, “Nambari 31 amezaa sita, wote wamekufa.”

Hili lingine sikuandika. Wenzake wa beseni la bluu walikuwa wamemsukuma pembeni, amelowa, anatetemeka peke yake. Unajua kwamba kabla ya Bénie nilizaa wawili ambao hawakulia. Pale kwetu mwanamke aliyezika hawamwachi alale peke yake. Dada zake wanamweka katikati. Na mimi wakati ule sikuwa na dada Goma, nililala peke yangu, na sijasahau. Nikamtoa nambari 31, nikamtia katika beseni jekundu ambako walikuwa wengi na wakavu, wamelaliana pamoja. Walimpokea vizuri. Mle ndani madume walikuwemo, sikulifikiria hilo. Nilifikiri joto.

Alikaa nao mpaka Jumapili asubuhi. Nilipomwona kaka yako kwa mbali anakuja, nikamrudisha upesi katika la bluu, kwa sababu nilijua asingependa fujo. Sikio lake lililotobolewa lilikuwa la kushoto, hakuna kilichoonekana. Wiki tatu baadaye alizaa wanane, na wote walikuwa na ngozi nzuri. Kaka yako alifurahi akawatoboa sikio la kushoto, kama mama yao.

Sikumdanganya wakati ule. Sikujua kwamba ni jambo. Hata Oktoba, wajukuu wa nambari 31 walipoanza kuishi, aliingia nyumbani na mandazi ya moto ndani ya gazeti, akasema, “Batoto ba ngozi ya karatasi banaishi! Mama Bénie, banaishi!” Nikala mandazi nikamshukuru Mungu.

Nilijua siku nyingine. Ilikuwa Aprili 2023, mwezi baada ya kumfukuza. Tulikuwa mezani, saa saba mchana, mimi, yeye na Bénie. Akasema kama anayeongea na sahani: “Kama damu ya kulia ingeingia, ningeelewa. Lakini haiwezekani. Ni mimi mwenyewe nilifunga mabeseni, na ni wewe uliyalinda.” Akanitazama. Hakuwa na shaka yoyote usoni, shemeji, na ndilo lililonifunga mdomo. Akauliza, “Basi nilikosea wapi?”

Nikamwambia, “Kula, chakula kinapoa.”

Alikuwa na miezi kumi na sita ya kuishi. Kila siku ya miezi hiyo ningeweza kusema. Nilijiambia nitasema Jumapili, nitasema presha yake ikishuka, nitasema Bénie akiwa shuleni. Aliendelea kuchukua kaye na kusoma hesabu zake akitafuta kosa, na kosa lilikuwa linamletea chai. Alikufa akiamini kwamba yeye ndiye hakuona kitu fulani.

Ndiyo maana nilikushuku wewe kwa nguvu sana. Kukushuku kulinipa kazi ya kufanya.

Sasa Kakule anabeba kaye zote zilizobaki na chupa mbili. Katikati ya kaye ya mwisho nimeweka karatasi nyingine, fupi, isiyo na salamu, inayoeleza nilichofanya Lac Vert kuanzia tarehe 27 mpaka 30 Mei 2021, saa ninazokumbuka, nambari ya mama, rangi za mabeseni. Nimetia sahihi mbele ya padri wa parokia na yeye ameweka muhuri. Usiisafishe maneno. Wakisema mke wa mtunza panya aliharibu kazi ya miaka, waache waseme, ni kweli niliharibu. Ila waandike pia kwamba mtunzaji hakujua, na kwamba kila siku aliandika alichokiona.

Mimi sikuombi ukose kazi. Sema ukweli wako, kisha umwombe Gisèle akupe mtoto. Mwambie nimesema hivyo.

Siku ile ya tarehe 30 nitakuwa nyumbani, sitakwenda sokoni. Wakikuuliza jina la aliyehamisha nambari 31, lisome lote, Nshobole, mjane wa Buhendwa, wa Ndosho. Halafu ukipata nafasi ya kusali, utukumbuke sisi wawili, mimi na kaka yako.